Kabla ya Kuwakalisha Benchi Moja

Mke na mume wameketi benchi moja katika ofisi ya kata. Mbele yao wapo wajumbe wa baraza: wazee watatu, bibi wa makamo mwenye daftari, na mwenyekiti. Mke ndiye aliyeleta shauri. "Haya, mama Rehema, tueleze," mwenyekiti anamwambia. Mama anakunja ncha ya khanga yake, anamtupia mumewe jicho, kisha anasema, "Huwa tunakorofishana." Mume anatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti anatabasamu kwa wema: "Vyombo kabatini havikosi kugongana." Nusu saa baadaye mume ameombwa apunguze hasira, mke ameombwa apunguze maneno, wameshikana mikono, na shauri lao limefungwa kwenye daftari. Hakuna aliyesema uongo. Wala hakuna aliyegundua kwamba mkono wa kushoto wa yule mama haunyanyuki kupita bega.

Aliyewahi kuhudhuria vikao vya kusuluhisha ndoa atakitambua hiki. Wajumbe wake ni watu wema. Wameacha shughuli zao waje kuinusuru nyumba ya jirani. Kilichowapita ni jambo ambalo wataalamu wa tiba ya ndoa walijifunza kwa gharama kubwa: anayepigwa hawezi kusema kweli akiwa ameketi ubavuni mwa anayempiga, kwa sababu usiku uleule atarudi naye chumbani. Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Ukatili katika ndoa unazuilika, na zipo njia zilizopimwa katika nchi zetu na za jirani zikathibitisha hivyo. Lakini nyingi kati ya hizo zina hatua ambayo usuluhishi wetu unairuka: kuwatenganisha watu kabla ya kuwaunganisha.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa nchi mbalimbali, Tanzania ikiwamo. Jijini Dar es Salaam, wanawake 41 kati ya kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenza walisema amewahi kuwapiga au kuwalazimisha tendo la ndoa. Mkoani Mbeya walikuwa 56. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ukaongeza jambo jingine linalopaswa kutushtua: asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Mwanamke mwenye imani hiyo hafiki barazani kushtaki kipigo. Hufika kushtaki matumizi ya nyumbani, au ulevi, au mume kulala nje. Kipigo hukitaja akiulizwa, tena akiulizwa peke yake.

Sheria haina utata. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 101, inataka shauri la talaka lipite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, ila kwa sababu chache zilizoainishwa. Kwa hiyo baraza ni mlango ambao mwanamke anayetaka kutoka analazimika kuupitia, naye anayetaka kubaki salama huupitia pia kwa mazoea, kama anavyopita kwa mshenga, kwa kungwi, kwa shehe, kwa mchungaji au kwa wasimamizi wa ndoa. Dawati la jinsia la polisi na fomu ya matibabu ya PF3 huja baadaye, mwili ukishaumia. Tukizungumzia kuzuia, tunawazungumzia hawa waliopo mlango wa kwanza.

Kipigo na kipigo hutofautiana

Mwaka 1995 mwanasosholojia wa Marekani, Michael Johnson, alionyesha kwamba watafiti walikuwa wakibishana kwa kuwa kila kundi lilitazama ukatili wa aina yake. Aina ya kwanza ni ugomvi unaopanda mpaka mikono ikaingia. Chanzo ni ada ya shule, ujumbe kwenye simu, shemeji aliyekuja wiki moja akakaa miezi mitatu. Maneno yanakuwa makali, mmoja anasukuma, mwingine anarusha kikombe. Ni hatari, na mara nyingi mwanamke ndiye anayeumia zaidi, lakini hakuna anayeyatawala maisha ya mwenzake.

Aina ya pili ni utawala. Hapa kipigo ni chombo kimoja tu kati ya vingi. Mume anashika simu ya mke na mshahara wake, anamkataza kwenda kwa mama yake, anahesabu dakika alizokaa sokoni, anamwambia mbele ya watoto kwamba hana akili. Pengine anampiga mara mbili tu kwa mwaka, lakini mke anaishi kwa kunyata siku zote zilizobaki. Mtaalamu mwingine wa Marekani, Evan Stark, aliuchambua udhibiti huu wa kimabavu katika kitabu chake cha mwaka 2007, akasisitiza kwamba jeraha lake kubwa ni uhuru uliopotea, na kwamba daktari anayehesabu alama za mwilini hataliona.

Ule msemo wa vyombo kabatini unaifaa aina ya kwanza. Ukiupeleka kwenye ya pili unaua. Katika nyumba ya namna hiyo kuna chombo kimoja, na mkono unaokibamiza. Kumwambia mwanamke wa nyumba hiyo apunguze maneno ni kumkabidhi mtawala wake silaha nyingine, yenye muhuri wa baraza.

Tofauti hii haionekani kwa macho. Hujulikana kwa kuuliza, tena faragha. Muuguzi na mtafiti Jacquelyn Campbell alitunga katika miaka ya 1980 orodha ya maswali ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa, na orodha hiyo inatumika mpaka leo. Je, kipigo kimekuwa kikizidi? Amewahi kukutishia kukuua? Ana silaha? Ana wivu wa kukufuatilia kila uendako? Umejaribu kuondoka karibuni? Amewahi kukukaba koo? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, maana kukabwa mara nyingi hakuachi alama kubwa shingoni, na mwanamke mwenyewe hulitaja kama jambo dogo. Wanaoijua kazi hii wakisikia jibu la "ndiyo" hapo, husimamisha mazungumzo yote ya suluhu na kuanza kuzungumzia usalama.

Anayepiga naye ana tiba yake

Mwaka 1981, katika mji wa Duluth jimboni Minnesota, ulianza mpango wa kuwapeleka wanaume waliopiga wake zao kwenye vikundi vya mafunzo badala ya kuishia mahabusu. Humo walifundishwa kwamba kipigo ni njia ya kutawala, na kwamba kinaachika. Mpango ulienea nchi nyingi. Mwaka 2004 Julia Babcock na wenzake walikusanya tafiti kuhusu vikundi vya aina hii, wakakuta manufaa madogo: waliopitia mafunzo waliwazidi waliokamatwa tu kwa takriban asilimia 5 katika kuacha kupiga.

Matokeo hayo yasitukatishe tamaa, ila tuyasome vizuri. Kumweleza mtu ubaya wa jambo hakumfundishi afanye nini saa mbili usiku moyo ukimwenda mbio. Ndiyo maana tiba za kisaikolojia zilizofuata zinaishughulikia saa hiyo yenyewe. Mnasihi humrudisha mwanamume nyuma polepole: ulikuwa umesimama wapi? Mwili ulikuambia nini kabla ya kunyanyua mkono? Ulijiambia nini? Wengi husema "nilipandwa na hasira ghafla." Ukiwachimba unakuta ghafla hiyo ilikuwa na dakika ishirini: taya kukaza, masikio kuwaka moto, na sentensi moja iliyojirudia kichwani, "ananidharau." Mtu akiijua sentensi yake, anaweza kuiuliza kama ni kweli. Bosi wake naye alimkasirisha mchana uleule, na hakumpiga. Basi hasira haikumshinda. Alichagua wapi aiachie. Kulikubali hilo ndio mwanzo wa kupona.

Kisha huja zoezi la kujitenga. Linaonekana jepesi, ila lina masharti. Mke na mume wanakubaliana mapema, wakiwa wametulia, juu ya ishara. Mmoja akiitoa, mazungumzo yanakatika papo hapo, hata kama mwenzake yupo katikati ya sentensi. Anayetoka anasema anakokwenda na saa ya kurudi. Hapitii grosari, hampigii rafiki wa kumchochea, na anarudi saa ile aliyoahidi, kwa kuwa asiporudi, kujitenga kumegeuka kuwa njia nyingine ya kumwadhibu mwenzake. Katika nyumba ya chumba kimoja, mahali pa kwenda ni barabarani. Atembee mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, pumzi ishuke. Wapo waliookoa nyumba kwa matembezi hayo. Na wapo wasiofaa kupewa zoezi hili kabisa: anayetawala ataigeuza ishara kuwa amri ya kumnyamazisha mkewe. Ndiyo sababu kupima aina ya ukatili kunatangulia.

Pombe nayo haikwepeki. Haimfanyi mtu kuwa katili, lakini inaondoa breki, na kipigo cha mlevi huwa kizito zaidi. Huko Lusaka, nchini Zambia, watafiti walichukua familia 248 ambazo mwanamke aliripoti ukatili wa mume na mume alikuwa mnywaji wa kupindukia. Nusu yao walipewa tiba iitwayo CETA, yaani mkusanyiko wa mbinu za kisaikolojia za kutibu kiwewe, sonona na ulevi kwa pamoja, kwa vikao 6 hadi 12. Waliotibu hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa mitaa hiyo waliofunzwa na kusimamiwa. Wanaume walikuwa na vikundi vyao na wanawake vyao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye ukatili na ulevi vilikuwa vimeshuka kwa waliotibiwa kuliko kwa wengine, hata utafiti ukasitishwa mapema ili wale wengine nao wapewe tiba.

Aliyepigwa hahitaji nasaha ya uvumilivu

Mwanamke aliyepigwa kwa miaka huja na usiku usio na usingizi, moyo wa kushtuka kila mlango ukigongwa, na aibu. Hali hizo zina tiba. Jijini Nairobi, wanawake 421 waliokuwa na historia ya ukatili wa kijinsia walishiriki jaribio la njia fupi ya Shirika la Afya Duniani ya kukabiliana na matatizo, vikao vitano na mhudumu wa afya wa jamii aliyefunzwa. Mwaka 2017 ilichapishwa kwamba waliopata vikao hivyo walipungukiwa na msongo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nafuu ya namna hii ni muhimu kwa nafsi yake. Lakini tusiichanganye na kinga: kumtuliza anayepigwa hakumzuii anayepiga.

Kinachomkinga ni mpango wa usalama, nao huandaliwa kabla ya siku yenyewe. Vyeti vya watoto na kitambulisho viko kwa nani? Nauli imefichwa wapi? Jirani gani atafungua mlango saa nane usiku? Ni neno gani mtoto mkubwa akiambiwa atajua awachukue wadogo zake watoke? Kumbusho moja zaidi: hatari haiishi siku mwanamke anapoondoka. Mara nyingi hupanda siku hizo. Anayemshauri mwanamke "ondoka tu" bila mpango amekosea kama anayemshauri "vumilia tu."

Pamoja, lakini kwa masharti

Je, mke na mume wasitibiwe kamwe pamoja? La. Huko Virginia, Marekani, Sandra Stith na wenzake walibuni tiba ya wanandoa waliopitia ukatili wakiwa bado wanataka kuishi pamoja. Kwanza kila mmoja alihojiwa peke yake, na wenye ukatili mkubwa walienguliwa. Kisha wanaume walikaa na wanaume na wanawake na wanawake kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo ndipo wakakutanishwa. Katika matokeo ya mwaka 2004, miezi sita baada ya tiba, wanaume waliorudia ukatili katika kundi ambalo halikupata tiba walikuwa asilimia 66. Kwa waliotibiwa kila jozi peke yake walikuwa 43. Kwa jozi zilizotibiwa pamoja kikundini walikuwa 25.

Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini tofauti hiyo ya mwisho inanivutia, kwa sababu inagusa jambo tunalolifahamu vizuri. Mwanamume akisimulia kisa chake mbele ya wanaume wengine watano, wake zao wakiwapo, hawezi kukipamba. Wanamjua. Walio wiki mbili mbele yake wanamwambia, "Hata mimi nilisema hivyo." Hivyo ndivyo kikao cha wazee kilivyotakiwa kuwa: macho ya jamii yakimwelekea anayepiga.

Kinga kabla ya mkono kunyanyuliwa

Tiba iliyo bora ni ile inayowahi, na hapo Afrika Mashariki ina mengi ya kuufundisha ulimwengu. Nchini Rwanda, mpango wa Bandebereho uliwaalika wanaume ambao wake zao walikuwa wajawazito au wana watoto wadogo. Wanaume walikuwa na vikao 15, na wake zao waliungana nao katika 8. Wakufunzi walikuwa baba wa vijiji hivyohivyo. Mazungumzo hayakuanza na kipigo. Yalihusu ujauzito, kumwogesha mtoto, nani anaamua fedha zitumike vipi, na namna ya kuzozana bila kuumizana. Karibu miaka miwili baadaye, wanawake waliosema wamepigwa na waume zao katika mwaka uliopita walikuwa asilimia 33, dhidi ya 57 katika familia ambazo hazikushiriki. Ufuatiliaji wa miaka sita ulikuta manufaa bado yapo. Mpango mwingine wa hukohuko, Indashyikirwa, ulipitia vikundi vya kuweka na kukopa, vikao 21 vya mke na mume, na uwezekano wa mwanamke kuripoti ukatili ukapungua kwa zaidi ya nusu.

Mjini Kampala, mpango wa SASA! uliingia mitaani kati ya 2007 na 2012. Jina lake ni neno letu la Kiswahili. Wananchi wa kawaida waliwaendea wenzao vijiweni, saluni na gengeni wakiwa na picha na swali moja: nguvu uliyonayo unaitumiaje? Mwishoni, kipigo cha waume kilikuwa karibu nusu ya kile cha mitaa iliyolinganishwa, na wachache zaidi walikubali kwamba mke anaweza kustahili kupigwa.

Mwanza inatupa somo linalohitaji utulivu. Wanawake 1,049 wa vikundi vya mikopo waliingia katika utafiti wa MAISHA, nusu ya vikundi vikipata vipindi kumi vya mafunzo kuhusu mahusiano. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha asilimia 23 ya waliofunzwa walipigwa au kulazimishwa tendo la ndoa katika mwaka uliopita, dhidi ya 27 ya wasiofunzwa. Mafunzo hayohayo yalipotolewa kwa vikundi vipya, vya wanawake waliokusanywa kwa ajili ya utafiti tu, mitazamo ilibadilika lakini ukatili haukupungua. Ninavyoyasoma matokeo hayo mawili, elimu hukamata pale ambapo wanawake tayari wana mfuko mmoja na wanajuliana hali. Na yakiwekwa karibu na ya Rwanda, yanatukumbusha kwamba haki haisimami ikiwa mzigo wa kumbadilisha mume amebebeshwa mke peke yake.

Rudi kwenye benchi

Wapo watakaosema haya ni ya kigeni na yatavunja ndoa. Nawaomba watazame Rwanda na Zambia tena: waliofunzwa au kutibiwa walikuwa mke na mume wanaoishi nyumba moja, na nia ilikuwa nyumba hiyo iwe salama. Wengine watauliza, mbona wanaume nao hupigwa? Ndiyo, hupigwa, na aibu huwafunga mdomo kuliko wanawake. Dawa yao ni ileile: waulizwe peke yao, kwa heshima, na waaminiwe.

Tatizo la fedha nalo halina nguvu tunayodhani. Lusaka na Nairobi zimeonyesha kwamba asiye na shahada anaweza kutibu, mradi afunzwe na asimamiwe. Sisi tunao watu hao tayari. Kungwi anamjua mwari kabla ya ndoa. Wasimamizi waliahidi mbele ya madhabahu. Mshenga alibeba posa, na shehe aliozesha. Wajumbe wa baraza wanatambuliwa na sheria. Wote wanahitaji siku chache za mafunzo, maswali ya kupima hatari, jina la afisa ustawi wa jamii wa kumpelekea shauri lililowazidi, na ruhusa ya kusema kwamba shauri hili si la kusuluhishwa. Nasi wote tunahitaji kuacha kuhesabu mafanikio ya baraza kwa ndoa zilizorudiana.

Sasa mrudishe mama Rehema ofisini. Mwenyekiti ni yuleyule, na wema wake uleule. Lakini leo anasema, "Baba Rehema, nenda na mzee Hamisi pale nje chini ya mwembe, mzungumze. Mama utabaki na bibi mwenye daftari." Mlango unafungwa. Yule bibi anaweka kalamu chini. Haulizi "mnakorofishana nini?" Anauliza, "Mwanangu, mkono huo umefanyaje?"

Kimya kinakuwa kirefu. Kisha mama anaiachia ncha ya khanga, na anaanza kusema.